Pacha Haliliwi

Mlinikalisha kwenye kiti cha plastiki, mkanivisha shada la maua ya karatasi, mkapiga makofi, kisha mkasema: Mama Kabanga, tuandikie. Haya, naandika. Ila miguu imevimba, mgongo haunyooki, na mchana nasinzia hata nikiwa nachambua mboga, kwa hiyo msitegemee hotuba. Nitawaandikia mambo ambayo shule ya ukunga haiwafundishi, kwa sababu nimechoka kuyarudia kila anapokuja mpya kati yenu na kuniuliza mbona wale akina mama wanaimba matusi kwenye korido ya maternite, wodi yetu ya wazazi. Na yule anayetaka kukitupa kile kinu kilicho nyuma ya mlango wa chumba cha kuchemshia vyombo, nasikia kinamzuia kufagia, namwomba asubiri mpaka amalize kusoma.

Nianze na jina, maana ndilo lililonitangulia kila mahali. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, nasi tukazaliwa hapa Kolwezi kwenye kambi ya Kampuni, nyumba za matofali zilizofanana mpaka mlevi alikuwa akikosea mlango. Kwa watu wa Kasai, pacha anayetangulia kutoka huitwa Mbuyi, anayefuata huitwa Kabanga. Mimi ni Kabanga. Kwa hiyo kila mtu wa kwetu akisikia jina langu huuliza swali lile lile: na Mbuyi? Mbuyi hakuifikia jioni ya siku tuliyozaliwa. Hata hivyo mama yangu aliitwa Mwa Mbuyi, yaani mama wa Mbuyi, mpaka siku tulipomzika, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina langu mimi niliyebaki.

Alikuwa akininunulia kila kitu mara mbili. Gauni mbili, ndala jozi mbili, moja yangu na ya pili apewe binti wa jirani. Nilichukia sana kuona nguo kama yangu ikipita barabarani kwenye mwili wa mtu mwingine. Hakunieleza chochote, wala sikuwahi kuona chozi lake, hata baba aliposimamishwa kazi na nyumba nzima ikalia. Majirani walisema Mwa Mbuyi ana moyo mkavu. Kitu walichomchekea ni sombe yake tu. Majani ya muhogo aliyatwanga nyuma ya nyumba kwenye kinu kikubwa, amefunga mlango wa jikoni tusitoke, akitwanga na kutwanga mpaka yanakuwa kama uji. Baba alikuwa akisema sombe ya nyumba yetu haihitaji meno.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vipya, jambo ambalo hakuna mkunga anayelirudia. Aliyenipokea ni Mama Felisite, mtu wa kabila la Wasanga kutoka upande wa Fungurume, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Hakuuliza cheti. Alitazama kucha zangu, akanipa mkasi nizikate, kisha akaniwekea mkononi kipembe cha mti cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi, na kilinuka sabuni.

"Tosha pumuzi kwanza," aliniambia. "Usisikilize na haraka. Na siku utasikia mbili, funga kinywa. Acha bote batoke inje, njo useme."

Nikamuuliza kwa nini nifiche mapacha.

"Juu mapasa habapendi bantu babatangaze," akasema, akaenda zake.

Siku hizi mna mashine ya picha inayowaonyesha wakiwa bado wadogo kama maharagwe, nanyi mnamtangazia mama hapo hapo akiwa amelala na mafuta tumboni. Sawa, sina ugomvi na mashine. Umeme ukikatika mashine inalala, kipembe hakilali, hilo tu. Kipo kwenye droo ya juu, na aliyekichukua kuchezea akirudishe.

Mama Felisite alinifundisha kazi kwa kunionyesha nani wa kumfukuza chumbani na nani wa kumbakiza. Mwanamke wa Kisanga anapoumwa uchungu, shangazi zake hufungua kila fundo lililo karibu, ili naye afunguke. Watafungua nywele zake, mkanda, mafurushi, pazia. Nimeona daktari akijikwaa kwa sababu shangazi alifungua kamba za viatu vyake alipokuwa ameinama. Hao waacheni, hawadhuru mtu. Tatizo huja mtoto anapochelewa. Hapo mashangazi huanza kumuuliza mzazi majina ya wanaume, maana kwa desturi uchungu mrefu ni siri iliyokaa mlangoni, mpaka itajwe ndipo mtoto apite. Nimeona wanawake wakitaja watu ambao hata hawakuwagusa, ilimradi waachwe. Mama Felisite hakubishana nao. "Bamama, benchi iko inje," alikuwa akisema kwa ile sauti yake ndogo. "Majina mutauliza nyuma." Kisha alimpeleka mzazi kukojoa, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Kumbukeni hilo: kibofu kwanza, majina baadaye.

Bibi wa kumbakiza ni yule anayetaja majina ya wafu. Mtoto akikataa ziwa, bibi hukaa kando ya kitanda na kuwataja waliokufa katika ukoo, mmoja mmoja, polepole, na lile jina ambalo mtoto atashika ziwa likitajwa ndilo lake, kwa kuwa ndiye aliyerudi. Padri mmoja aliniuliza kama naamini. Nilimjibu kwamba naamini mtoto akiwekwa kifuani muda wote huo, na mama yake akiwa ametulia anasikiliza, atanyonya. Mimi nikiwaamuru mkae hivyo hamkai. Bibi akitaja majina, mnakaa.

Babu yake Mama Felisite alikuwa myeyushaji wa shaba wa zamani zile, kabla ya Kampuni. Alinihadithia, tukikunja bandeji, jinsi baada ya kuvuna mtama chifu alivyowatangazia watu waende "kula shaba", na kila mtu akaenda vilimani na kikapu, wanawake na watoto wakiokota mawe ya kijani, wanaume wakijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Wayeyushaji hawakulala na wake zao siku hizo, kwa sababu tanuru lenyewe lilikuwa mwanamke anayezaa, na halikutaka mke mwenza. "Bale bazee njo bakunga ba kwanza," alikuwa akisema, akicheka. Leo mjukuu wa wale wazee anashuka Mutoshi kwenye shimo na taa ya kichwani, bila chifu wala mwiko, na mke wake analetwa kwetu juu ya pikipiki na matope ya kuoshea mawe bado yako miguuni. Nimeshika miguu ya namna hiyo mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Sasa mapacha. Wakizaliwa wote salama, huwekwa juu ya lungo, ule ungo wa kupepetea, mama na baba wanapakwa chokaa nyeupe usoni, na wanawake wa ukoo wanaanza kuimba. Wanaimba matusi. Wanayataja maumbile ya baba na ya mama, wanawaambia ni walafi, ni wanyama, kazi ya mtu mmoja wameifanya mara mbili. Na wazazi hawana ruhusa ya kukasirika, kazi yao ni kucheka. Zamani tulikuwa na masista, na mmoja wao, mzungu mwema sana, alikuwa akikimbia kufunga madirisha kila mapacha wanapozaliwa. Baadaye akajua Kiswahili vizuri, akaacha kufunga. Nadhani alikuwa akisikiliza.

Na mmoja wao akiondoka, nyimbo haziachi. Hili ndilo gumu, na ndilo linalowashinda wengi wenu. Mama Felisite alinieleza mara moja tu. Pacha haliliwi. Hakuna kilio, hakuna pole, hakuna anayesema amekufa. Inasemwa ameenda kutafuta chumvi, kama watu wa kwao walivyokuwa wakienda kiangazi kwenye mabwawa ya chumvi na kurudi na mizigo. Maana aliyebaki ana masikio. Akisikia kilio atajua kwamba ile njia ipo, na atamfuata mwenzake. Nilisikiliza nikatikisa kichwa, nikaendelea kukunja bandeji. Hata siku ile sikufikiria nyumbani kwetu.

Miaka ikaenda. Sitaisimulia yote, mingine ilikuwa ni kusimama tu. Mama Felisite alistaafu, akarudi kwao akafa, nami nikabaki na kipembe chake. Masista wakaondoka, wakaja madaktari vijana, wakaondoka nao. Rangi ya kijani ukutani ikapigwa upya juu ya ile iliyobanduka. Wasichana niliowazalisha wakaja kuzaa, nikawatambua kwa mama zao.

Nilikuwa nakaribia kustaafu alipoletwa Solange. Msichana wa Kisanga, mzazi wa mara ya kwanza, mume wake Trezor anachimba Mutoshi. Aliyemleta ni bibi yake, Kambo Umba, kambo kwao ndiyo bibi, mwembamba, mweusi, mgongo wima kuliko wangu, pamoja na shangazi watatu na lungo tayari limefungwa kwenye kitenge. Nilisikiliza na kipembe, nikasikia mbili, nikafunga kinywa. Kambo aliniangalia akatabasamu kidogo. Alikuwa amekwisha kujua.

Wa kwanza alikuja na kitovu kimezunguka shingo. Nilifanya yote niliyojua. Nilimkausha, nikamsugua, nikampulizia hewa kwa mfuko wa mpira na barakoa, kisha Daktari Olivie, aliyekuwa zamu, akapokea akaendelea. Hakupumua. Wa pili alitoka mdogo sana, lakini na sauti. Wavulana wote wawili. Kambo hakungoja niseme. Aliyatazama macho yangu.

"Kyungu alienda kutafuta chumvi," akasema. "Kabange alibakia."

Hivyo ndivyo wanavyowaita wao, Kyungu na Kabange. Jina langu mwenyewe, limepinda kidogo tu ulimini. Kisha akaanza kuimba, na shangazi wakapokea kwa makofi. Trezor alimchukua mkubwa, amefungwa kwa kitambaa cheupe, akatoka naye mlango wa nyuma kwenda kumzika kimya. Korido nzima, mpaka mlangoni, Trezor alikuwa anaimbiwa matusi, na alikuwa anatabasamu kama anavyotakiwa. Sijaona uso mgumu kuutazama kama ule.

Solange alilala akiutazama ukuta. Hakulia. Kabange tulimweka kifuani pake ngozi kwa ngozi, tukamfunika, maana ilikuwa baridi ya Juni na vumbi lake. Mtoto mdogo namna ile anataka joto na maziwa, hataki zaidi. Joto alilipata. Maziwa hayakuja. Tulikamua, tukakanda na kitambaa cha moto, tukampa mama uji, hayakuja. Tulimnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kidogo maziwa ya mzazi mwingine, na kila asubuhi mizani ilisema anapungua. Kambo alianza kutaja majina ya wafu, akamaliza ukoo wa baba na wa mama. Kabange alilegea tu mbele ya ziwa.

Ndipo Daktari Olivie alipopita na raundi yake. Ni mtu wa Kinshasa, alikuwa mgeni huku, na niwaambieni mapema kuwa ni mmoja wa madaktari wazuri niliofanya nao kazi. Alisimama kando ya kitanda, akamshika Solange mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Mama, pole sana kwa kifo cha mtoto wako. Ninasikitika pamoja na wewe." Heshima tupu. Ni adabu ambayo mahali pengine pote duniani ingepokelewa na asante.

Nyimbo zilikatika. Shangazi mmoja alifunika mdomo. Kabange alikuwa macho, pale pale kifuani.

"Alimwambia," Kambo alisema. Akashusha kitenge chake, akaanza kufunga lungo, sufuria, nguo za mtoto.

Daktari aliniangalia hajui amefanya nini. Nilimpa ishara aende. Kisha nikamfuata Kambo.

"Kambo, munaenda wapi?"

"Kwetu. Mutoto anaisha kusikia. Kule kuko muntu wa kumutengeneza."

"Na pikipiki, mu hii baridi? Hatafika Fungurume, Kambo. Mi nakwambia bile naona."

"Mama, sina neno na kazi yenu. Munafanya muzuri." Alinyoosha mgongo. "Lakini hapa atakufa. Barabarani pengine atapona. We ungefanya namna gani?"

Kwa hesabu yake, alikuwa anahesabu vizuri. Nilichofanya ni kukaa chini sakafuni karibu na lungo lake, jambo ambalo magoti yangu yalilalamikia, nikamuuliza kama maneno yaliyokwisha kutoka yanaweza kutolewa masikioni. Alifikiri.

"Mwenye kuyaleta, njo atayatosha," akasema, yaani aliyeyasema ndiye ayatoe.

Nilimkuta Daktari Olivie ofisini amekaa bila kuwasha taa. Nilimweleza yote, chumvi, masikio, njia. Hakucheka.

"Mama Kabanga," aliniambia, "lakini yule mama lazima alie. Mke wangu walimnyamazisha hivyo hivyo, tulipompoteza wa kwanza. Mpaka leo hajanitajia jina lake. Mimi sitaki kuona hiyo tena."

"Uko na haki, Dokta," nikamwambia. "Atalia. Hiyo uniachie miye. Lakini kwanza weye uende ukamutukane."

Nilimfundisha mstari mmoja wa wimbo, ule mpole kuliko yote, naye akaurudia kwa makini kama anavyorudia vipimo vya dawa. Akavaa koti lake jeupe akafunga vifungo vyote. Alisimama mbele ya kitanda, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "We mama, weye ni mulafi. Moya haikukutosha? Tumbo yako kama ngunia ya mahindi. Na bwana yako, hakukuwa na kazi ingine ya kufanya?"

Kisha shangazi mmoja alianguka kwenye kitanda cha jirani kwa kicheko, na maternite nzima ikafuata, hata wazazi wenye mishono walioshika matumbo yao wakiomba waachwe wasicheke. Kambo alikuwa hatazami watu. Alikuwa anamtazama Kabange. Mtoto alipiga mwayo, akalala.

"Ni muzuri," Kambo alisema, akafungua lungo lake.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili niliifanya mchana ule ule, wakati wageni wamepungua. Nilimwendea Solange nikamwambia amwachie Kambo mtoto, aje anisaidie kubeba vyombo. Alinyanyuka bila kuuliza, kama mtu anayeamriwa katika ndoto. Nikamwingiza kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Mnaikumbuka ile otoklave ya zamani, mashine ya kuchemshia vyombo kwa mvuke, wengine wenu mliikuta. Ilipochemka ilipiga kelele kama lori linaloshusha breki mteremkoni, mpaka meno yalitetemeka. Niliiwasha, nikafunga mlango, nikaegemea kwa mgongo.

"Hapa hakuna mutoto," nikamwambia. "Hapa hakuna masikio."

Aliniangalia. "Kambo atasikia."

"Hata mi mwenyewe sisikie. Lia, mama."

Alishikilia meza kwanza. Halafu akapiga magoti, akaweka paji la uso juu ya kasha la bandeji, na kilichotoka hakikuwa sauti niliyozoea, nami nimesikia wanawake wakipiga kelele maisha yangu yote. Alimwita Kyungu. Alimwambia arudi, na chumvi aiache huko huko. Nilikaa pale mlangoni nikitazama ukuta, kwa sababu hakuna kitu cha kumfanyia mtu kwenye hali ile isipokuwa kumlindia mlango.

Na umeme ukakatika. Ndiyo, mchana kweupe, kama kawaida yetu. Otoklave ilipiga miluzi kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Na kilio cha Solange kikabaki peke yake, kikubwa, wazi, kikipita chini ya mlango kwenda kwenye korido, na Solange hakuweza kukizuia tena, kama usivyoweza kuzuia mtoto aliyekwisha kutoa kichwa. Niliwaza: sasa tumeharibu kila kitu, mimi na huruma yangu.

Hapo hapo, nyuma ya mlango, karibu kabisa na mgongo wangu, Kambo Umba alianza kuimba.

Aliimba ule mbaya kuliko yote, ule ambao hata Mama Felisite hakukubali kunitafsiria. Aliimba kwa nguvu ambayo sikujua mwili ule mwembamba unayo. Shangazi wakapokea, mmoja akapiga beseni la bati, mwingine akapiga mlango wenyewe kwa viganja, nikausikia ukitikisika mgongoni mwangu. Kilio kikipanda, wimbo ulipanda. Kilio kikishuka ili kivute pumzi, wimbo ulishuka nao. Hawakuwa wamekuja sasa hivi. Walikuwa wamekaa pale chini, kando ya mlango, tangu tulipoingia. Kambo alikuwa amejua tangu mwanzo vyombo vile ni vya nini.

Waliimba mpaka Solange akachoka. Kisha wakaacha. Kambo akaingia, Kabange akiwa amefungwa kifuani amelala, akamimina maji ya birika kwenye kiganja, akamwosha mjukuu wake uso, mara moja, mara nyingine, akamfuta na pindo la kitenge chake. Alipomaliza alimsukuma taratibu kuelekea kitandani.

Kesho yake asubuhi blauzi ya Solange ilikuwa imelowa. Sisemi machozi ndiyo yaliyoleta maziwa. Pengine siku yake ilikuwa imefika tu, na Daktari Olivie aliniambia hivyo pia, ingawa alikuwa anapangusa miwani yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kabange alinyonya akashindwa, akanyonya akapaliwa, akanyonya. Mizani ikaacha kushuka. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye benchi la nje.

Siku walipoondoka, Kambo alinijia pale benchini, na lungo mkononi.

"Mama, jina yako ni nani?"

"Kabanga."

Alinitazama. Kisha akatazama kando yangu, upande wa kushoto, pale kwenye benchi palipokuwa wazi, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesalimia.

"Na mukubwa yako?"

Nikamjibu nilivyofundishwa tangu utoto: "Alitangulia mbele."

"Mm." Akaegemeza lungo kwenye benchi. "Na mama yako, nani alimuimbia?"

Hakukuwa na mtu wa kumwimbia. Mama alijifungulia kambini, kati ya zile nyumba zinazofanana, shangazi zake wote wako Kasai, safari ya treni ya siku nyingi. Jirani zake walikuwa watu wa makabila mengine wasioujua wimbo wetu hata mmoja. Alikuwa yeye, na mimi mwenye masikio. Na nikiwa nimekaa pale, mwanamke mzima mwenye mvi, nikasikia kinu. Mlango wa jikoni umefungwa, mchi unapiga, unapiga, unapiga, sombe imekwisha kuwa laini zamani na bado unapiga, na baba mezani anafanya mzaha wa meno. Nililia, wapendwa. Nililia benchini mbele ya watu wote, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumficha kilio. Kambo alikaa kando yangu, kwenye upande wa kulia, ule wa kushoto akauacha.

Kabange anatembea sasa. Nimemwona sokoni na mama yake juzijuzi, amevaa kaptula mpya ya bluu, na Solange akaniambia nyingine kama hiyo amempa mtoto wa jirani. Mtoto amenuna. Nilimwambia nayajua hayo.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu, mlikuwa mmeletewa otoklave mpya. Ni nzuri, haili umeme sana, ina taa za rangi na haitoi sauti hata kidogo. Mkaniuliza kama nimefurahi. Niliposema ndiyo, ilikuwa nusu ya kweli. Wiki ile nilikodi kijana wa mkokoteni, nikaleta kinu cha mama yangu na mchi wake, nikakiweka nyuma ya mlango wa chumba kile. Ni kizito, najua, na kinachukua nafasi. Mama wa pacha akija, na mmoja akaenda chumvi, mwingizeni mle ndani, fungeni mlango, na mmoja wenu atwange. Si lazima pawe na sombe.